Sitini na Moja

Faili limefika kutoka manispaa na barua ya mistari miwili:
Bi Sirkka, mna marudio humu. Tafadhali lisafishe.
Mistari elfu kumi na moja, mia nne na mitatu:
majira arobaini na saba ya baridi ya baba yangu, Urho,
aliyetoboa ziwa Inari kila asubuhi, Oktoba hadi Mei,
akapima unene, akaandika mstari mmoja, akarudi kunywa kahawa.
Aliyechapa ni kijana wa mafunzo.
Tarehe hakuzichapa. Machi ya mwaka sabini na tisa kaichapa mara mbili.

Saa nane mchana, giza. Jua hatutaliona hadi mwakani.
Natia gogo jikoni, nafungua kidirisha cheusi
kisicho na picha wala kitufe,
kishale tu kinachopepesa, kama karani asiyependa soga.

uniq, namwambia.
Anameza nusu ya faili kwa pumzi moja,
lakini Machi zile mbili zimekaa vilevile, zinanitazama.
Nilisahau: uniq humjua jirani tu.
Kaa naye bega kwa bega, atakutambua;
hamia nyumba ya tatu, hakujui,
kama shangazi Kerttu miaka yake ya mwisho.

Panga kwanza, ndivyo tulivyofundishwa.
sort, kisha bomba, kile kistari kilichosimama wima, kisha uniq.
Napanga, na miaka arobaini na saba inamwagika kama shanga:
sentimita tisa zote pamoja, sentimita sitini zote pamoja,
theluji na theluji, ufa na ufa.
Hakuna tena Novemba. Kuna alfabeti.

Basi awk, bawabu mwenye daftari mfukoni,
anayemsimamisha kila mmoja mlangoni: wewe, nimeshakuona?
Mpangilio haugusi. Ila waliobaki ndani ni mia nane na kumi na wawili.
Baba alikwenda barafuni siku ngapi? Mia nane?
Afadhali matokeo niliyaachia skrini, sikuyaelekeza kwenye faili lenyewe;
niliwahi kufanya hivyo ujanani, nikabaki na baiti sifuri na machozi.

Kabla ya kufuta, hesabu. uniq -c, bila kupanga.
Namba zinashuka pembeni: mbili, moja, nne, moja, tatu,
barafu ikinenepa kidogo kidogo kama mtoto anyonyaye.
Kisha:

    23 Sawa na jana.
     1 Sawa na jana.
    37 Sawa na jana.

Jumla sitini na moja.
Nafuata kalenda kwa kidole: zinaanzia tarehe tisa Januari,
mwaka themanini na saba.
Mama alikata roho tarehe nane.

Barafu ya Januari haiwi sawa na jana.
Baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote.
Hakwenda ziwani. Alikaa kwenye kiti hiki, akaandika.
Mstari unaofuata: Sentimita 78. Nimetoboa.

Na ule mmoja wa katikati?
Una nafasi tupu mwishoni, baada ya nukta,
jicho haliioni, mashine inaiona.
Nashuka hadi sandukuni, nafungua daftari, tarehe mosi Februari.
Nilitaka kukuta doa la wino, kalamu iliyosita.
Hakuna kitu. Ni dole gumba la yule kijana.
Nimeiacha.

Nafuta Machi moja, kwa namba, mistari thelathini na mmoja.
Nawajibu manispaa: Faili ni safi. Yaliyobaki si marudio.
Kisha navaa koti, nachukua keekee,
nakwenda kuangalia leo ni ngapi.